Mpaka Kimya Ainue Kijiti

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo adhuhuri, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Nilipokuwa nikifundisha lugha, niliwaagiza wanafunzi waandike shajara majira ya mvua, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Sasa nimestaafu, naishi chumba cha nyuma katika nyumba ya mdogo wangu, na mimi ndiye nisiye na pa kwenda. Basi naandika.

Jambo la kuandika limekuja kwa simu. Kampuni ya muziki inataka kukusanya nyimbo bora za Radi Kavu, bendi ya roki ambayo mdogo wangu aliiimbia tangu alipokuwa kijana mwenye nywele nyingi hadi alipokuwa mtu mzima mwenye nywele chache. Albamu itaitwa *Nyimbo Zilizovuma*. Alipoambiwa jina hilo alicheka hadi akakohoa. Mkewe hakucheka.

"Ngoma ikivuma sana hupasuka," alisema wifi.

"Na isiyovuma hutobolewa na panya. Niletee chai, mke wangu."

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Paa linavuja sebuleni. Tumeweka ndoo.

Jumamosi, 7 Machi

Msimamizi wa kampuni ameniomba nisahihishe maneno ya nyimbo yatakayochapwa katika kijitabu cha albamu. Nimekubali, ingawa sijawahi kuusikiliza muziki huo kwa hiari yangu. Bendi ilipokuwa ikivuma, mimi nilikuwa nikisahihisha insha huku nimeziba masikio kwa pamba.

"Hapa umeandika 'mvua inanyesha ndani ya mimi'," nilimwambia mdogo wangu. "Sema 'ndani yangu'."

"Dada, wimbo hauvai sare ya shule."

"Haya, lakini usitembee uchi."

Wifi alicheka mpaka akashika mlango. Naandika hilo kwa sababu ni nadra siku hizi. Tangu daktari aseme kwamba moyo wa mumewe umetanuka, wifi hutembea ndani ya nyumba hii kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Daktari hakumkataza kuimba. Alisema aimbe wimbo mmoja kisha aketi. Asifululize, asijilazimishe, na pumzi ikimkata anyamaze papo hapo.

Nimekuwa nikimwona wifi kuwa mwanamke wa kulalamika. Bado namwona hivyo.

Jumanne, 10 Machi

Kumbe nyimbo za zamani hazitoshi. Kampuni inataka wimbo mmoja mpya mwishoni mwa albamu, ili wale walio nazo zile nyingine wapate sababu ya kuinunua. Waliobaki wa bendi waingie studio, wapige wimbo mmoja, warudi makwao.

"Hapana," alisema wifi.

"Wimbo mmoja tu," alisema mdogo wangu. "Daktari mwenyewe kasema mmoja."

"Daktari hawajui nyinyi."

Walitazamana. Mimi, kwa desturi yangu ya kuamua ugomvi wa watu, niliingilia. Nilisema nitakwenda naye studio, nitaketi pale, na wimbo ukiisha nitamshika mkono na kumrudisha.

"Utamrudisha kama ulivyomchukua?" aliuliza wifi.

"Kama nilivyomchukua."

"Haya. Nimekusikia, wifi yangu. Na ukuta umesikia."

Jumapili, 15 Machi

Wamekuja wenzake wawili, wamelowa kama matambara ya deki. Mmoja ni mpiga gitaa la besi, anaitwa Ndefu, na kweli aliinama mlangoni. Mwingine ni mpiga gitaa la solo, anaitwa Baba Pacha. Wa nne alikuwa mpiga drams. Huyo amefariki. Alikuwa mtu asiyesema, na walimwita Kimya.

Niliuliza kwa nini bendi ilivunjika, maana mdogo wangu hajawahi kuniambia.

"Haikuvunjika, Mwalimu," alisema Ndefu. "Kimya alipokufa tulishindwa kumaliza nyimbo."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Alinieleza kwamba katika Radi Kavu palikuwa na sheria moja, nayo waliishika tangu siku ya kwanza: hakuna anayesimama mpaka Kimya ainue kijiti. Kijiti kikiwa juu, wote wananyamaza. Kikishuka, wimbo mwingine unaanza. Hawakuhesabu, hawakupanga. Walimtazama Kimya, na Kimya alijua watu wametosheka lini. Mdogo wangu hakukitazama kijiti muda wote. Yeye huimba amefumba macho, akiufuata mdundo, na hufumbua mara moja moja tu kukitafuta kijiti.

"Siku moja taa zikazimika ukumbini," alidakia Baba Pacha. "Giza totoro! Kijiti hakionekani. Tukapiga, tukapiga, mwenye ukumbi anapiga kelele 'basi jamani, basi', nani amsikilize? Taa zinarudi, huyu bwana kapiga magoti, jasho linamtoka kama bomba, bado anaimba!"

"Na ningeimba hadi kesho," alisema mdogo wangu.

Wakacheka, wakapigana mabega. Wifi alikuwa akimwaga maji ya ndoo. Alisimama na ndoo yake mkononi, akawatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akanitazama mimi.

Jumatano, 18 Machi

Leo tumekwenda studio kusikiliza kanda za zamani. Ni chumba cha chini ya ardhi, kimefunikwa sponji ukutani, hakina dirisha. Mvua haisikiki kabisa, na masikio yanaziba kama ya mtu aliyezama. Fundi mitambo ni kijana wa miaka thelathini hivi, anatafuna chingamu wakati akizungumza. Nilimtazama mpaka akaitema.

"Samahani, Mwalimu. Mama yangu ulimfundisha."

"Nami naona alisahau."

Kisha akafungulia wimbo unaoitwa "Nirudishie Kivuli", na nakiri kwamba nilikaa wima. Sikujua kwamba mdogo wangu anaweza kutamka hivyo. Kila neno lilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake. Nyuma yake ngoma za Kimya zilitembea bila haraka, kama mtu anayerudi nyumbani akijua mlango haujafungwa.

Fundi alisema ana wazo. Kwa kuwa mpiga drams hayupo, atachukua mapigo ya Kimya kutoka kwenye kanda hiyo na kuunganisha mkia na kichwa, yajirudie. Wazee watapiga wimbo mpya juu ya ngoma za mwenzao.

Ndefu alifuta macho. Baba Pacha alisema, "Basi tutakuwa wanne tena." Kidole cha shahada cha mdogo wangu kilikuwa kikigonga mkono wa kiti.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Kidole bado kinagonga. Mezani, kwenye kikombe, kwenye goti. Nilimwuliza anafanya nini, akasema, "Nini?"

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Kidole. Wifi amemwekea kitambaa chini ya mkono ili kisisikike.

Jumatano, 25 Machi

Matone ya paa yanaanguka ndooni kwa mwendo ule ule wa kidole. Nilikaa nikisikiliza ili nione kipi kinamfuata mwenzake. Huu ni upuuzi. Nimehamisha ndoo.

Jumanne, 31 Machi

Wamefanya mazoezi sebuleni bila ngoma, kwa sauti ya chini. Wimbo mpya unaitwa "Taa ya Nje". Una beti mbili na kiitikio, na ni mzuri. Nimerekebisha neno moja tu, na mdogo wangu, aliyeutunga, amekubali.

Ulipaswa kwisha baada ya kiitikio cha pili. Haukwisha. Walikirudia kiitikio, wakakirudia tena, kila mmoja akimtazama mwenzake kama wageni wanaosubiri mmoja wao aage kwanza. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilianza kubadilika rangi. Nilikuwa karibu kusema neno wakati mfuniko wa sufuria ulipoanguka jikoni kwa kishindo. Wakanyamaza wote. Wakacheka.

Nilikwenda jikoni kuuokota. Wifi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono mitupu.

"Haukuanguka," alisema. "Nimeutupa."

Huenda huyu mwanamke halalamiki. Huenda anaona.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua imebomoa ukuta wa jirani. Nimempigia fundi mitambo simu kumweleza kwamba wazee hawa hawana desturi ya kusimama wenyewe. Amecheka kwa adabu. "Usijali, Mwalimu. Wakimaliza wanyamaze tu, mimi nitakata."

Hilo ni jibu la mtu mwenye akili. Limenituliza mpaka jioni.

Ijumaa, 10 Aprili

Naandika leo yaliyotokea jana. Nitayaandika kwa mpangilio.

Tulitoka nyumbani baada ya kifungua kinywa. Wifi alimfunga mumewe vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha shingoni. Mvua ilikuwa nyingi. Nilichukua mwavuli wangu mrefu wenye mpini wa mbao.

Studio ina vyumba viwili, na kati yake pana kioo kinene. Fundi na mimi tulikaa upande wa mitambo. Wao watatu walikuwa upande wa pili, kila mmoja na visikilizio masikioni, na ndani ya visikilizio hivyo Kimya alikuwa akipiga. Kabla hawajaanza, fundi aliwaambia kupitia kipaza sauti, "Wazee wangu, mkifika mwisho mnanyamaza tu. Sawa?" Wakaitikia kwa vichwa. Nimewaona wanafunzi wengi wakiitikia kwa vichwa namna ile.

Wakaanza. Ubeti wa kwanza ulikuwa safi. Ubeti wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza. Kiitikio cha mwisho kilifika, mdogo wangu akakitoa kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia hata kwenye kanda, na fundi akapiga paja. "Mwalimu, umesikia? Hii ndiyo itakayouza albamu!"

Hawakunyamaza. Ngoma ilikuwa haijasimama, nao hawakusimama. Kiitikio kikarudi.

"Kata," nilimwambia fundi.

"Wamenogewa, Mwalimu. Waache."

"Hawajanogewa. Wanasubiri."

"Wanasubiri nini?"

Ningemweleza vipi? Nilimwona Ndefu akigeuza shingo upande wa kulia, mahali ambapo Kimya angekuwa ameketi, na pale palikuwa na stuli tupu. Baba Pacha naye aligeuka. Wote wawili walikuwa wakiitazama stuli, na vidole vyao vikiendelea. Walikuwa na nyuso za watu walioshuka ngazi gizani wakikosa kukanyaga sakafu. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho. Shingo yake ilikuwa imevimba mishipa, na vile vifungo vya koti vilikuwa vimefunguka vyote.

Nilisimama, nikasukuma mlango wa pili, nikaingia katikati yao. Sikujua la kufanya ila moja. Nilikwenda nikasimama kando ya stuli ya Kimya, nikainua mwavuli juu kadiri mkono wangu ulivyofika.

Ndefu alinyamaza papo hapo. Baba Pacha alinyamaza. Mdogo wangu aliendelea. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, masikio yake yalikuwa yamezibwa, na ngoma iliyomo ndani haikuniona mimi wala mwavuli wangu. Nilimpigia kelele kwa jina alilopewa na mama yetu. Nyuma ya kioo fundi sasa aliruka na kukata.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ngoma ilikwisha, na yeye aliimba bado. Aliimba bila ngoma, bila gitaa, katika chumba kisichorudisha sauti, huku kidole chake kikigonga paja kwa mdundo ule ule. Kisha maneno yakawa pumzi, pumzi ikawa mluzi, na akaketi sakafuni polepole, kama mtu anayekaa kwa hiari yake.

Sikumrudisha kama nilivyomchukua.

Jumapili, 12 Aprili

Hospitali. Yu hai. Hasemi, hafumbui macho. Kidole kinagonga shuka.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Kidole.

Jumatatu, 20 Aprili

Daktari anasema moyo umebaki na nguvu ya kibatari. Hakuna la kufanya hospitalini ambalo haliwezi kufanywa nyumbani. Tumemleta. Amelala sebuleni, kwa kuwa mlango wa chumbani ni mwembamba. Wifi amenisalimia, amenipa chakula, ameniuliza kama nimelala. Natamani angenitukana.

Ijumaa, 24 Aprili

Fundi mitambo amekuja na kusimama mlangoni akichuruzika maji. Alilia kabla hajasema. Nilikuwa nimeandaa maneno makali na sikuyatumia. Kosa lake ni la mtu anayedhani kila mtu hujua kunyamaza.

Kampuni inataka wimbo ule uwe wa mwisho katika albamu, familia ikiridhia.

"Utaumalizaje?" nilimwuliza.

"Nitaufifisha taratibu, Mwalimu. Sauti inashuka, inashuka, mpaka haisikiki."

"Yaani hautaisha. Tutaacha kuusikia tu."

Sote wawili tulikuwa tukitazama kidole.

Jumanne, 28 Aprili

Ncha ya kidole imechubuka. Wifi ameifunga bendeji. Kinagonga ndani ya bendeji. Usingizi wake si usingizi. Kifua kinahema kwa mdundo ule wa ngoma, na kila siku kinapata shida zaidi kuufuata.

Alhamisi, 30 Aprili

Ndefu alikuja. Alikaa kando ya kitanda, mikono yake mirefu ikining'inia kati ya magoti. Mwishowe alisema polepole:

"Mwalimu, huyu anasubiri kijiti."

"Nyamaza."

"Hajaambiwa asimame. Wewe unajua. Uliinua mwavuli, sisi tuliuona. Yeye hakuuona."

"Mwavuli si kijiti."

"Kijiti kipo. Mjane wa Kimya anavyo vyote viwili."

Wifi alikuwa nyuma yetu. Hatukumsikia akiingia.

"Kitu hicho hakivuki kizingiti changu," alisema. "Mmesikia? Mmenichukulia mume wangu kwa wimbo mmoja, na sasa mnataka mpige na wa mwisho. Ndefu, nenda nyumbani kwako."

Ndefu aliinama mlangoni, akaondoka.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Kidole.

Jumapili, 3 Mei

Mvua. Kidole. Wifi amekaa naye mchana kutwa akikishika kidole hicho ndani ya kiganja chake. Anasema kinagonga hata ndani ya mfupa wake yeye.

Jumanne, 5 Mei

Nimekwenda kwa mjane wa Kimya bila kumwambia mtu. Ni mwanamke mnene, mpole, anayeshona mapazia. Sikuwa nimemaliza maelezo yangu alipoinuka. Alitoa vijiti kutoka nyuma ya cherehani, akavitenganisha, akanipa kimoja.

"Chukua hiki. Ndicho alichokuwa akiinua," alisema. "Huyu mwenzake alikuwa wa kupigia tu."

"Nitakirudisha."

"Usiahidi, dada yangu. Ila jihadhari na kukishusha."

Nimekificha chini ya godoro langu.

Alhamisi, 7 Mei

Nilikuwa nikikunja nguo wifi alipoingia chumbani kwangu, jambo ambalo hafanyi. Hakuketi.

"Kiko wapi?"

"Kitu gani?"

"Wifi, mimi ndiye ninayetandika kitanda chako."

Nilikitoa. Alikipokea, akakitazama pande zote kama mtu anayekagua kijiko alichoazimwa. Kijiti cha kawaida, kimechakaa ncha, kina alama za meno.

"Leo kifua kimeshindwa kuufuata mdundo mara nyingi," alisema. "Kinaanguka, kinainuka, kinakimbilia. Anachoka, wifi. Anachoka na hajui kwamba anaruhusiwa." Kisha akanirudishia. "Mimi siwezi. Wewe ulisema utamrudisha. Mrudishe."

Tulikwenda sebuleni pamoja. Ilikuwa mchana, na mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu. Wifi alimwinamia mumewe, akamfuta macho kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akayafumbua kwa vidole gumba, kwa upole, kama anavyotenganisha kurasa za kitabu kilicholowa. Sijui kama yaliona. Nilisimama upande wake wa kulia, mahali pa stuli.

Niliinua kijiti.

Kidole kiligonga mara moja. Kilikaa juu, kikatetemeka, kikasubiri. Kisha kikalala juu ya shuka, na kifua kikakifuata.

Wifi aliachia vidole gumba. Alikaa kando yake akimshika mkono, na sasa mkono ule ulikuwa umetulia. Mwishowe alisema, "Umemrudisha." Hakuwa akinilaumu wala kunishukuru. Alikuwa akisema tu.

Nilikuwa bado nimesimama na kijiti hewani. Bega lilikuwa likiniwaka moto, na nilishindwa kukishusha.

Jumatano, 20 Mei

Fundi amepata jibu letu. Wimbo uingie katika albamu. Usififishwe. Ukatwe pale pale Ndefu na Baba Pacha waliponyamaza, hata kama sauti ya mdogo wangu imo katikati ya neno. Nimesahihisha maneno yote katika kijitabu isipokuwa "ndani ya mimi". Hayo nimeyaacha kama alivyoyaandika.

Mvua imepungua. Paa bado linadondosha tone moja moja.

Kijiti nimekisimamisha ndani ya jagi la udongo juu ya kabati, ncha juu, nikakishikiza kwa mchanga ili kisiegemee. Wifi hufagia na kufuta vumbi kukizunguka. Leo alipokuwa akifuta, jagi liliyumba, nasi sote wawili tulilirukia kwa pamoja, na tukabaki tumelishika, tukisikiliza kama kuna mdundo unaoanza.